Kura ya David Crockett wa Tennessee

Wahenga husema, "Penye wengi hapaharibiki neno." Mithali hii ina kweli nyingi, maana jambo lililoshauriwa na watu wengi huepukana na makosa ambayo mtu mmoja peke yake hayaoni. Lakini yafaa kuuliza: Je, hao wengi ni akina nani? Na ni nani ambaye hakuitwa katika shauri? Habari za uchaguzi wa wajumbe katika jimbo la Tennessee, nchi ya Marekani, tangu mwaka 1825 hata mwaka 1835, zatufundisha kuuliza maswali hayo.

1. Jimbo la Tennessee na wajumbe wake

Mwanafunzi akitazama ramani ya Marekani ataona mto mkubwa uitwao Mississippi, utokao kaskazini na kushuka kusini hata baharini. Upande wa mashariki wa mto huo liko jimbo la Tennessee, refu na jembamba. Mwisho wake wa mashariki ni milima, na mwisho wake wa magharibi ni mto wenyewe. Jimbo hilo liliingia katika Umoja wa Marekani siku ya 1 Juni 1796.

Sehemu ya magharibi ya Tennessee ilikuwa nchi ya kabila la Chickasaw, mojawapo ya makabila ya wenyeji wa asili, ambao Wazungu waliwaita Wahindi Wekundu. Mwaka 1818 serikali iliinunua nchi hiyo kwa mkataba. Mara Wazungu wengi wakaanza kuhamia huko, wakafyeka misitu na kupanda mahindi na pamba. Wengi wao walikuwa maskini. Walijikalia tu katika ardhi pasipo hati, nao waliishi kwa hofu. Walijua kwamba siku moja huenda akatokea tajiri mwenye hati mkononi, akawafukuza katika mashamba waliyoyalima kwa jasho lao.

Sheria za Marekani hutungwa na Kongresi, ambayo ina mabaraza mawili: Seneti na Baraza la Wawakilishi. Kila jimbo hupeleka maseneta wawili. Lakini wajumbe wa Baraza la Wawakilishi hugawanywa kwa kadiri ya hesabu ya watu wa kila jimbo, nao huchaguliwa na watu wenyewe kila miaka miwili. Tangu mwaka 1823 Tennessee ilikuwa na wajumbe 9, na mwaka 1833 wakaongezwa hata wakawa 13. Katika miaka ile uchaguzi wao ulifanywa mwezi wa Agosti wa kila mwaka wa witiri, yaani 1825, 1827, 1829, na kuendelea. Kura zilipigwa kwa karatasi, kama ilivyoagizwa na katiba ya jimbo ya mwaka 1796.

2. Mtoto wa nyumba ya wageni

David Crockett alizaliwa siku ya 17 Agosti 1786, upande wa mashariki wa Tennessee. Baba yake alikuwa na nyumba ya wageni kando ya njia, lakini madeni hayakumwacha. David alipopelekwa shuleni alidumu siku nne tu. Alipigana na mvulana mwenziwe, akaogopa fimbo ya mwalimu na fimbo ya baba yake pia, akatoroka nyumbani. Akatangatanga kwa muda mrefu, akijipatia chakula kwa kuwafanyia watu kazi njiani.

Aliporudi alikuwa kijana, na baba yake angali na madeni. Mtu mmoja alimdai mzee huyo dola 36. David akaenda kwa mdai, akamfanyia kazi miezi sita, hati ya deni ikarudishwa. Kisha akafanya kazi miezi sita mingine kwa mdai wa pili, ambaye deni lake lilikuwa dola 40. Siku alipomletea baba yake hati hiyo ya pili, mzee alilia machozi.

Hata hivyo kijana aliona aibu kwa kuwa hakujua kusoma. Akapatana na mwalimu mmoja, kwamba siku nne katika juma atasoma, na siku mbili atamfanyia kazi. Akaendelea hivyo kwa miezi sita hivi, na hiyo ndiyo elimu yote aliyoipata shuleni. Maisha yake yote maandishi yake yalikuwa na makosa, lakini aliweza kusoma barua na kuandika jina lake.

Alipokuwa mtu mzima alisifiwa kwa uwindaji, hasa uwindaji wa dubu. Mwaka 1813 akawa askari chini ya Jenerali Andrew Jackson katika vita na kabila la Creek. Siku ya 3 Novemba mwaka ule alikuwako katika mji wa Tallushatchee, askari walipouzingira na kuwaua watu karibu 200. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye jinsi walivyoichoma moto nyumba moja iliyojaa mashujaa wa Creek, nao wamo ndani. Basi David Crockett hakuwa mtu asiyejua mambo ya vita kati ya Wazungu na wenyeji, wala mikono yake haikuwa safi kabisa. Jambo hilo yafaa likumbukwe na mtu atakayesoma habari zilizobaki.

3. Jinsi kura zilivyotafutwa

Crockett alichaguliwa mara mbili kuwa mjumbe wa baraza la jimbo, mwaka 1821 na mwaka 1823. Mwaka 1825 alijaribu kuingia katika Kongresi, akashindwa na Adam Alexander kwa kura 267. Kwa maelezo ya Crockett mwenyewe, mwaka ule pamba ilikuwa na bei kubwa mno. Alexander aliwaambia watu kwamba bei hiyo imeletwa na sheria ya ushuru ambayo yeye aliipigia kura. Watu wakatazama fedha mikononi mwao, wakamwamini. Kufika mwaka 1827 bei ya pamba ilikuwa imeshuka sana, na maneno yale hayakusikilizwa tena.

Mwaka huo wa 1827 Crockett alisimama mara ya pili. Hakuwa na fedha za safari, lakini mfanya biashara mmoja wa mji wa Memphis, Marcus Winchester, alimkopesha, naye alimlipa alipofika katika Kongresi. Washindani wake walikuwa wawili, Alexander yuleyule na William Arnold.

Desturi ya siku zile ilikuwa hivi. Wenye kutaka kuchaguliwa walisafiri pamoja toka mahali hata mahali, juu ya farasi. Watu walikusanyika mahakamani, au sokoni, au msituni penye kivuli. Kila mmoja kwa zamu yake alisimama, mara nyingi juu ya kisiki cha mti, akasema maneno yake. Nyama ilichomwa, tumbaku ikagawanywa, na pombe kali nayo haikukosekana. Hivyo wengine walitoa kura zao kwa kupimwa maneno, na wengine kwa kupimwa kikombe. Desturi hiyo ya pili haikuwa ya heshima, na Crockett naye aliifuata.

Lakini silaha yake kubwa ilikuwa mzaha. Yeye husimulia kwamba siku moja alisema kwanza, kwa maneno machache. Akafuata Alexander, kisha Arnold. Arnold alimjibu Alexander kwa maneno mengi, lakini Crockett hakumtaja hata kwa jina, kana kwamba hayuko. Wakati alipokuwa akisema, kundi la kanga likaja karibu na kupiga kelele nyingi hata asiweze kuendelea. Akaomba wafukuzwe. Alipomaliza, Crockett akamwendea mbele ya watu. Akamwambia kwamba Arnold hakuwa na adabu ya kumtaja, na kanga, rafiki zake wadogo, walipokuja wakaita, "Crockett! Crockett! Crockett!" akawafukuza nao. Watu wakacheka sana, na Arnold akaona haya. Kanga ni ndege wa asili ya Afrika, waliopelekwa Amerika kwa merikebu zamani. Yeyote aliyesikia kelele zao atafahamu kwa nini watu walicheka.

Agosti ilipofika Crockett akawashinda wote wawili. Mwaka 1829 akashinda tena. Watu wa magharibi ya Tennessee walimpenda kwa sababu alikuwa mmoja wao. Tena aliwaahidi jambo moja kubwa, kwamba atajitahidi ipatikane sheria ya kuwaacha maskini katika mashamba yao, wasifukuzwe na wenye hati.

4. Mswada wa mwaka 1830

Siku ya 4 Machi 1829 Andrew Jackson, yule jenerali wa zamani, akawa Rais wa Marekani. Yeye naye alikuwa mtu wa Tennessee, na watu wa jimbo hilo walimwona kuwa fahari yao. Mwezi wa Desemba mwaka ule akaieleza Kongresi nia yake, kwamba makabila ya wenyeji waliokaa mashariki ya Mississippi wahamishwe, wapewe nchi nyingine magharibi ya mto huo. Mswada wa sheria ukaletwa. Ulimpa Rais ruhusa ya kubadilishana ardhi na makabila hayo, pamoja na dola 500,000 za kazi hiyo.

Maneno ya mswada yalikuwa ya upole. Yalisema juu ya mapatano, wala hayakutaja bunduki. Lakini watu wengi waliona dhahiri kwamba mwenyeji atakayekataa hataachwa kwa amani. Katika jimbo la Georgia, Wazungu walikuwa wakiitamani nchi ya Wacherokee. Nao Wacherokee hawakuwa watu wa kuhamahama. Walikuwa na mashamba, na serikali, na katiba yao. Mtu mmoja wa kabila hilo, jina lake Sequoyah, alikuwa amebuni maandishi ya lugha yao, akayamaliza mwaka 1821; na tangu mwaka 1828 walichapa gazeti lao wenyewe kwa lugha ya Kicherokee na Kiingereza. Watu hao ndio walioambiwa kwamba heri wafungashe mizigo.

Seneti iliukubali mswada. Ukaja katika Baraza la Wawakilishi, na wajumbe wote wa Tennessee walikuwa tayari kuukubali, ila mmoja. Crockett husimulia kwamba wenziwe walimzunguka wakamwambia jinsi wanavyompenda, na jinsi anavyojiharibia mwenyewe. Walimkumbusha kwamba mswada huo ni wa Rais, na kwamba Rais anapendwa nyumbani kwao. Jawabu lake lilikuwa kwamba jambo hilo ni baya, tena ni dhuluma. Atamwunga mkono Rais katika mambo ambayo dhamiri yake inaona kuwa ni ya haki, lakini hatamfuata kila aendako kwa upofu.

Mithali nyingine husema, "Mwenye nguvu mpishe." Crockett hakumpisha. Siku ya 26 Mei 1830 kura zilihesabiwa. Waliokubali walikuwa 102, na waliokataa 97. Katika wajumbe wa Tennessee ni Crockett peke yake aliyekataa. Tofauti ilikuwa kura tano tu. Kama watatu miongoni mwa wale 102 wangaligeuka, mswada ungalianguka. Siku mbili baadaye Rais Jackson akautia sahihi, ukawa sheria.

5. Hukumu ya wapiga kura

Agosti 1831 Crockett alirudi kwa watu wake kuomba kura. Aliyeshindana naye alikuwa William Fitzgerald, mtu wa upande wa Jackson. Haifai kusema kwamba kura ile ya mwaka 1830 peke yake ndiyo iliyomharibia Crockett. Alikuwa amegombana na wajumbe wenziwe wa Tennessee, miongoni mwao James Polk, juu ya sheria ya ardhi. Sheria aliyowaahidi maskini haikupita, na wengine walinung'unika kwamba hakuhudhuria baraza kila ilipompasa. Lakini juu ya mambo hayo yote lilikuwako lile kubwa, kwamba alimpinga Jackson. Akashindwa kwa kura 586.

Hapa pana fundisho juu ya kazi ya mjumbe. Wapiga kura wana haki ya kumwondoa mjumbe wasiyemtaka, na haki hiyo ni njema, kwa maana huwazuia wakubwa wasijifanye wafalme. Mjumbe naye ana wajibu wa kusikiliza mashauri ya watu wake. Lakini dhamiri yake haikutiwa katika sanduku pamoja na karatasi za kura. Mjumbe akiona dhuluma, akaikubali kwa kuogopa kupoteza kiti chake, hakuwafaa watu wake, amekifaa kiti. Crockett alijua bei ya kura yake kabla ya kuipiga, naye aliilipa.

6. Mambo yaliyoonekana Memphis

Mwezi wa Desemba mwaka uleule wa 1831, miezi minne tu baada ya uchaguzi, kijana mmoja Mfaransa alifika Memphis, penye ukingo wa Mississippi. Jina lake Alexis de Tocqueville. Alikuwa akisafiri katika Marekani kuchungua jinsi watu wanavyojitawala, na baadaye akaandika kitabu chenye sifa kubwa juu ya mambo hayo. Huko Memphis aliandika katika daftari yake kwa mshangao, kwamba watu wa nchi ile walikuwa wamemchagua mtu aitwaye David Crockett, mtu asiye na elimu wala mali, akaaye msituni, nao walimwacha mshindani wake aliyekuwa tajiri na mwenye akili. Mgeni huyo aliona kwamba wengi wakipewa kura huweza kumchagua mtu asiyestahili.

Lakini katika siku zilezile, pale pale Memphis, Tocqueville aliona jambo jingine. Baridi ilikuwa kali kupita desturi, theluji ilikuwa juu ya nchi, na mapande ya barafu yalielea mtoni. Likaja kundi la watu wa kabila la Choctaw, kabila la kwanza kuhamishwa kwa sheria ya mwaka 1830. Walikuwamo wagonjwa na majeruhi, watoto waliozaliwa juzi, na wazee waliokaribia kufa. Hawakuwa na mahema wala magari, ila silaha zao na chakula kidogo. Wakaingizwa katika merikebu ya moshi ili wavushwe, nao walinyamaza kimya, pasipo kilio wala manung'uniko. Mbwa wao waliachwa ukingoni. Hata wanyama hao walipotambua kwamba mabwana zao wanakwenda zao kabisa, walilia kwa sauti kuu, wakajitupa katika maji ya barafu, wakaifuata merikebu wakiogelea.

Basi yule msomi aliyaona yote mawili mahali pamoja, mjumbe aliyedharauliwa kwa kukosa elimu, na matokeo ya sheria ambayo mjumbe huyo aliikataa, huku wasomi wengi wakiikubali. Elimu ni taa, lakini taa haimchagulii mtu njia. Huonyesha njia tu, na miguu ni ya mwenyewe.

7. Mwisho wa Crockett, na mwisho wa safari ya makabila

Mwaka 1833 Crockett alishindana na Fitzgerald mara ya pili, akamshinda kwa kura chache zisizotimia 300, akarudi katika Kongresi. Mwaka 1834 akatoa kitabu cha maisha yake, alichokiandika kwa msaada wa rafiki yake mjumbe wa Kentucky. Humo aliitaja kura yake ya mwaka 1830 pasipo kuijutia. Agosti 1835 akashindwa tena, mara hii na Adam Huntsman, mwanasheria aliyepoteza mguu mmoja katika vita vya Creek. Tofauti ilikuwa kura 252. Baada ya hapo Crockett akaiacha Tennessee, akaenda Texas, iliyokuwa ikipigana ili itoke katika utawala wa Mexico. Huko aliuawa siku ya 6 Machi 1836, katika boma la Alamo.

Kazi ya sheria ile iliendelea. Mwaka 1837 Wachickasaw wengi walivushwa Mississippi hapo Memphis, karibu na mashamba yaliyokuwa nchi ya baba zao miaka 20 kabla. Mwaka 1838 askari wakawatoa Wacherokee katika nyumba zao, na safari yao ikaendelea hata mwaka 1839. Walikuwa watu karibu 16,000, na yakadiriwa kwamba 4,000 hivi walikufa kambini na njiani. Wengi wao walipitia katika jimbo la Tennessee. Watu huiita safari hiyo Njia ya Machozi.

Msomaji atakumbuka kwamba maskini wa magharibi ya Tennessee waliogopa kufukuzwa katika mashamba yao na mtu mwenye hati. Hofu hiyo waliijua sana. Lakini wengi wao hawakuitambua hofu hiyohiyo ilipokuwa usoni mwa jirani.

8. Watu ambao hawakuhesabiwa

Sasa turudi kwa swali la kwanza: Hao wengi walikuwa akina nani? Mwaka 1830 watu wa Tennessee walihesabiwa, wakaonekana kuwa 681,904. Katika hao, 141,603 walikuwa watumwa, watu wa asili ya Afrika, yaani zaidi ya mtu mmoja katika kila watano. Mtumwa hakupiga kura. Hata Crockett mwenyewe alipata kumiliki watumwa, na juu ya dhuluma hiyo dhamiri yake haikusema kama ilivyosema juu ya ile nyingine.

Tena liko jambo la ajabu zaidi. Katiba ya Marekani iliagiza kwamba, wajumbe wanapogawanywa kwa majimbo, kila watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu. Mwanafunzi na afanye hesabu. Sehemu tatu katika tano za 141,603 ni karibu 85,000. Baada ya hesabu ya mwaka 1830, kila jimbo lilipewa mjumbe mmoja kwa watu 47,700. Kwa hiyo, katika wajumbe 13 wa Tennessee, karibu wawili walipatikana kwa hesabu ya watu wasioruhusiwa kupiga kura. Mtumwa alihesabiwa ili kumwongezea bwana wake nguvu barazani, kisha akaambiwa anyamaze. Hesabu ya namna hiyo ilikuwapo katika majimbo yote ya watumwa hata siku ya 26 Mei 1830, mswada ulipopita kwa tofauti ya kura tano.

Wanawake hawakupiga kura. Watu wa Cherokee, na Choctaw, na Chickasaw, ambao mswada uliwahusu wao kuliko wote, hawakupiga kura. Watu weusi walio huru waliweza kupiga kura katika Tennessee tangu mwaka 1796, maana katiba ya zamani haikutaja rangi. Lakini katiba mpya iliyokubaliwa Machi 1835 iliweka sharti kwamba mpiga kura awe Mzungu. Basi mlango uliokuwa wazi kidogo ukafungwa, na ulifungwa kwa kura.

Haukukaa hivyo milele. Utumwa ulikomeshwa katika Marekani yote mwaka 1865. Wanaume weusi wa Tennessee walipata kura tena mwaka 1867. Siku ya 18 Agosti 1920 baraza la Tennessee lilikubali haki ya wanawake ya kupiga kura, likawa jimbo la 36, ndilo lililotimiza hesabu iliyotakiwa kwa nchi nzima. Mwaka 1924 wenyeji wa asili wote waliozaliwa Marekani walitambuliwa kuwa raia. Kila mara watu waliokuwa nje walibisha mlango muda mrefu, na kila mara ndani walikuwako wachache waliosikia na kuinuka.

Penye wengi hapaharibiki neno, ikiwa wengi hao ni wote. Lakini wengi wakishauriana juu ya shamba la mtu ambaye hakuitwa, neno huharibika, hata kura zikihesabiwa kwa uaminifu moja moja. Siku kama hiyo hutakiwa mtu wa kusema "La," ijapokuwa ajua kwamba atashindwa.

Maswali

1. Kwa nini Wazungu maskini wa magharibi ya Tennessee waliogopa kufukuzwa? Crockett aliwaahidi nini?
2. Simulia kwa maneno yako mwenyewe habari ya Arnold na kanga.
3. Crockett alifanya nini ili baba yake atoke katika deni? Alijifunzaje kusoma?
4. Mswada wa mwaka 1830 ulipita kwa kura ngapi? Kwa nini ingetosha watu watatu kugeuka?
5. Tocqueville aliona mambo gani mawili Memphis mwezi wa Desemba 1831?
6. Hesabu: Jimbo lina watu huru 300,000 na watumwa 100,000. Likipewa mjumbe mmoja kwa watu 40,000, kwa desturi ya zamani lingepata wajumbe wangapi? Watumwa wasipohesabiwa lingepata wangapi?
7. Insha: "Mjumbe afuate dhamiri yake au matakwa ya waliomtuma?" Toa sababu za pande zote mbili, kisha useme uonavyo wewe.